MISINGI YA MTANDAO WA KOMPYUTA NA MAWASILIANO YA DATA

Maelezo kwa watumishi wa umma na wananchi

Katika ofisi nyingi za Serikali, Unguja na Pemba, shughuli ambazo zamani zilimalizika kwa daftari na muhuri sasa hupitia katika kompyuta. Vyeti, leseni, mishahara na ada za huduma hutegemea taarifa zinazosafiri kutoka mashine moja hadi nyengine. Kwa sababu hiyo, jawabu la "mtandao hakuna" limekuwa jawabu zito. Mwananchi aliyevuka kutoka kisiwa cha Makoongwe hadi Mkoani, akaambiwa maneno hayo bila ya maelezo zaidi, hurejea kwao bila ya huduma na bila ya kujua aje tena lini. Mara nyingi hata mtumishi aliyeyatamka hajui kilichokatika ni nini: waya wa mezani kwake, kifaa cha ofisini, au mkongo uliolala chini ya bahari. Makala haya yanaeleza misingi ya mawasiliano hayo, ili kila mtu aweze kujua hitilafu iko wapi na hatua gani ichukuliwe.

Maana ya mtandao

Mtandao wa kompyuta ni kompyuta mbili au zaidi zilizounganishwa ili zipeane taarifa na zitumie vifaa kwa pamoja. Ofisi yenye kompyuta sita na mashine moja ya kuchapisha, zote zikiwa zimeunganishwa katika kifaa kimoja kiitwacho swichi, tayari ina mtandao wake wa ndani, hata kama haikuungwa na intaneti. Waya wa kawaida wa shaba unaotumika katika mtandao wa ndani haupaswi kuzidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa; ukizidi hapo, alama zinazopita hudhoofika na makosa huongezeka.

Ofisi hiyo inapotaka kuwasiliana na ofisi nyengine, au na dunia nzima, huhitaji kifaa cha kupanga njia, kiitwacho rauta. Kazi ya rauta ni kusoma anwani ya kila taarifa inayofika na kuamua ipelekwe upande gani. Intaneti si kitu chengine ila mitandao mingi ya namna hiyo, iliyounganishwa kwa rauta na kukubaliana kufuata kanuni moja.

Jinsi data inavyosafiri

Kompyuta haijui herufi wala picha. Huhifadhi kila kitu kwa alama mbili tu, 0 na 1, na kila alama moja huitwa biti. Biti 8 kwa pamoja ni baiti 1, nayo yaweza kuonesha hali 256 mbalimbali. Herufi kubwa Z, kwa mfano, huhifadhiwa kwa namba 90, ambayo kwa biti huandikwa 01011010. Katika waya wa shaba biti hizo husafiri kwa mabadiliko ya umeme. Katika uzi wa kioo husafiri kwa mwanga. Na katika simu ya mkononi husafiri kwa mawimbi ya redio.

Taarifa ndefu haipelekwi kwa mkupuo mmoja. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Mfano wake ni barua ya kurasa 20 inayotumwa kutoka Chake Chake kwenda Malindi, kila ukurasa ukiwa katika bahasha yake, yenye anwani ya mpelekewa, anwani ya mpelekaji na namba ya ukurasa. Bahasha hizo zaweza kupakiwa katika vyombo mbalimbali na kufika bila ya mpangilio. Mpokeaji huzipanga upya kwa kufuata namba, na ikikosekana ya 7, ukurasa huo tu ndio unaotumwa tena. Faida yake ni kwamba njia moja hutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na chombo kimoja kikiharibika barua nzima haipotei.

Fikra hii ilianza kufanyiwa kazi katika miaka ya 1960 na wataalamu akiwemo Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza. Tarehe 29 Oktoba 1969, kompyuta ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilijaribu kupeleka neno "LOGIN" kwa kompyuta ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Zilifika herufi mbili za mwanzo tu, L na O, kabla ya mashine kukwama. Jaribio lilirudiwa baadaye na likafaulu.

Kanuni na anwani

Mashine zilizotengenezwa na viwanda mbalimbali haziwezi kuelewana bila ya makubaliano. Makubaliano hayo huitwa itifaki. Itifaki kuu za intaneti, zijulikanazo kwa herufi TCP/IP, zilibuniwa na Vinton Cerf na Robert Kahn katika miaka ya 1970, na zikaanza kutumika rasmi katika mtandao wa ARPANET tarehe 1 Januari 1983. IP hushughulikia anwani na njia. TCP huhakikisha kwamba pakiti zote zimefika na zimepangwa.

Anwani za aina ya zamani zina namba nne, kila moja kati ya 0 na 255, na jumla yake ni takriban bilioni 4.3. Kwa kuwa idadi hiyo haikutosha, anwani za aina mpya zenye biti 128 nazo zinatumika. Watu hukumbuka majina kuliko namba, hivyo zipo kompyuta maalumu zenye kazi ya kutafuta namba ya kila jina. Kompyuta hizo zikishindwa kujibu, mtumiaji huona kana kwamba mtandao wote umekufa, ilhali njia ni nzima.

Njia ya kuvuka bahari

Visiwa hivi si vigeni kwa waya wa chini ya bahari. Mwaka 1879 waya wa simu za maandishi ulipitishwa kutoka Aden hadi Zanzibar, na kuendelea hadi Msumbiji na Durban. Kabla ya nyuzi za kioo kufika pwani ya Afrika Mashariki, intaneti ilitegemea zaidi setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwa umbali huo, swali na jibu lake huchukua takriban nusu sekunde safarini. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi mwaka 2009, na wa EASSy mwaka 2010. Yote miwili inafika Dar es Salaam.

Mkongo nao hukatika. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu katika bahari ya kusini mwa Afrika, na huduma ya intaneti nchini Tanzania na nchi jirani ikazorota. Funzo ni kwamba njia moja haitoshi, na kwamba njia mbili zinazopita mahali pamoja zaweza kukatika pamoja.

Kipimo cha kasi

Ukubwa wa faili hupimwa kwa baiti, bali kasi ya njia hupimwa kwa biti kwa sekunde. Faili la megabaiti 5 ni megabiti 40. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, faili hilo lingechukua karibu dakika 12. Kwa njia ya megabiti 10 kwa sekunde, huchukua sekunde 4. Lakini njia hugawanywa. Watumishi 10 wakiitumia kwa pamoja, kila mmoja hubakiwa na megabiti 1, na sekunde 4 huwa 40. Mtumishi anayetazama filamu saa za kazi hula sehemu ya mwananchi aliyesimama dirishani.

Mtandao unapokatika

Kabla ya kumwambia mwananchi kuwa mtandao hakuna, mtumishi anashauriwa kufuata hatua hizi kwa mpango:

1. Kutazama kama waya umechomekwa sawasawa na kama taa za swichi na rauta zinawaka.
2. Kuuliza kama kompyuta ya jirani inafanya kazi. Ikiwa inafanya, hitilafu iko katika kompyuta moja tu.
3. Kujaribu mashine ya kuchapisha iliyo katika mtandao wa ofisi. Ikiitika, mtandao wa ndani ni mzima na tatizo liko nje.
4. Kufungua huduma zaidi ya moja. Ikikataa moja tu, kasoro iko kwa mwenye huduma hiyo.
5. Kumjuilisha fundi saa ya kukatika, mashine zilizoathirika, na maneno yaliyoonekana katika kioo.

Umeme nao usisahauliwe. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme wa kutoka Bara kwa sababu ya hitilafu. Rauta isiyo na umeme haina kazi, hata kama mkongo ni mzima. Kwa hivyo ofisi inapaswa kuwa na nakala za kumbukumbu zake mahali pengine, na fomu za karatasi za kupokelea maombi, ili mwananchi asajiliwe na apewe tarehe badala ya kurejeshwa mikono mitupu.

Amana ya taarifa

Pakiti hupita katika mashine nyingi zisizojulikana na mpelekaji. Taarifa zisizofichwa kwa msimbo zaweza kusomwa njiani. Anwani inayoanza kwa "https" huonesha kwamba zimefichwa, ingawa haithibitishi uaminifu wa mwenye tovuti. Neno la siri ni kama saini ya mtumishi: asimpe mwenziwe wala asilibandike ukutani, kwani kitendo kitakachofanywa kwa neno hilo kitaandikwa kwa jina lake. Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya ruhusa kuwa ni kosa.

Taarifa za mwananchi ni amana yake iliyowekwa ofisini. Mtumishi anayeelewa njia inayopita amana hiyo ataweza kuilinda, na siku njia itakapokatika, ataweza kumweleza mwenyewe imekatika wapi, nani amearifiwa, na arudi siku gani.