Panya Akiingia Garini, Usikimbilie Sumu

Gari likiegeshwa wiki mbili karibu na ghala la mahindi, hasa baada ya mavuno mashamba yanapobaki makavu, kuna uwezekano mkubwa mwenyewe akalikuta na wapangaji. Anawasha injini, taa ya onyo inawaka kwenye dashibodi. Anafungua feni, inatoa harufu kali ya mkojo na vipande vya sifongo ya kiti. Fundi akifunua boneti, waya zimetafunwa hadi shaba inaonekana. Hapo wengi hukimbilia duka la pembejeo kununua sumu, na ndipo hasara ya pili inapoanza.

Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Warfarin, iliyoanza kutumika kuulia panya Marekani mwaka 1948, na nyingi zilizoifuata huuzuia mwili kuitumia tena vitamini K, na pasipo vitamini hiyo ini haliwezi kukamilisha protini zinazogandisha damu. Protini zilizokwisha kutengenezwa huchukua muda kumalizika, ndiyo maana panya hafi palepale bali baada ya siku kadhaa. Shambani kuchelewa huko ni faida, kwa sababu panya hawezi kuhusisha ugonjwa wake na chambo alichokula juzi. Ndani ya gari ni balaa. Panya anayeumwa hujificha, na maficho ya gari ni njia za hewa nyuma ya dashibodi na kasha la feni. Kuutoa mzoga humo mara nyingi ni kufungua dashibodi nzima, na harufu huwa imekwisha kutangulia. Akifia nje, paka au bundi atakayemla anameza sumu ileile. Bundi huyu tunayemfukuza kwa mawe tukimwita mkosi ndiye anayetupunguzia panya kila usiku; kumuua kwa sumu yetu ni dhuluma na ni hasara.

Naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini ambavyo wengine huviweka kufukuza panya, naiogopa zaidi ndani ya gari. Gari lililofungwa juani huvukiza kemikali hiyo kwa wingi, na wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD wanaweza kupasuka chembe nyekundu za damu wakiivuta. Upungufu huo hurithiwa, nao umeenea katika maeneo yenye malaria, Afrika Mashariki ikiwemo. Mtoto mchanga yuko hatarini zaidi. Vifaa vinavyodaiwa kufukuza panya kwa sauti tusiyoisikia havina sumu, lakini madai yake ni makubwa kuliko ushahidi: mwaka 2001 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliwaonya watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivyo.

Pilipili ina hoja ya kisayansi. Kapsaisini, kiini cha ukali wake, hushika kipokezi cha neva ambacho kwa kawaida hutambua joto la kuunguza. Kipokezi hicho kilitambuliwa na maabara ya David Julius mwaka 1997, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Panya anacho kama sisi. Ndege wana cha aina isiyoijali pilipili. Honda huuza mkanda wenye kapsaisini wa kuzungushia waya. Mkanda wa namna hiyo hulinda waya uliofungwa, lakini haumwondoi panya aliyekwisha kuzaa chini ya kiti.

Na kwa nini atafune waya, usio na shibe? Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote. Upande wa mbele una enameli ngumu, nyuma ni laini zaidi, hivyo kila anapotafuna yanajinoa. Panya hutafuna hata bomba la risasi. Kubadilisha aina ya plastiki ya waya hakutamtuliza.

Kinachofaa ni mtego wa kubana. Kwanza tazama kinyesi: punje za milimita 3 hadi 6 ni za panya mdogo wa nyumbani, zilizofika milimita 12 ni za panya mkubwa. Tofauti hii ina uzito. Panya mdogo ni mdadisi, hukisogelea kitu kipya usiku uleule. Mkubwa hukiogopa, kwa hiyo mpe chambo kwenye mtego usiotegwa kwa siku kadhaa, kisha uutege. Wote hupenda kutembea wakigusa ukuta kwa sharubu zao. Weka mtego pembeni mwa sakafu ya gari, upande wa chambo ukigusa ukingo. Siagi ya karanga kidogo sana inatosha. Ukitega chini ya boneti, toa mitego kabla ya kuwasha injini.

Kiota kisifagiliwe kikavu. Mkojo wa panya unaweza kubeba bakteria wa leptospirosisi, ile homa ya mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022 na kuua watu watatu. Vaa glavu, fungua milango, lowesha kila kitu kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji, subiri, ndipo ufute. Badilisha filta ya hewa ya ndani ya gari, kwa kuwa panya husomana kwa protini za mkojo, na harufu iliyobaki huwaita wengine. Tundu la milimita 6 linamtosha panya mdogo kupita, hivyo wavu wa chuma kwenye mlango wa hewa chini ya kioo cha mbele uwe na matundu madogo kuliko hayo.

Mimba ya panya mdogo huchukua takriban siku 20, na watoto huachishwa ziwa baada ya wiki tatu hivi. Kwa hiyo acha mitego mahali pake angalau mwezi mmoja baada ya kumkamata wa mwisho.