Kibandiko cha Mlangoni Si Ruhusa

Wenye hoteli, baa na nyumba za kukodisha huniuliza swali lile lile kila wanapofunga kamera mpya: "Nikibandika tangazo mlangoni, si nimemaliza?" Hapana. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na wanaoumia wenye biashara wanapolipuuza jibu ni wageni.

Dhana yenyewe ni hii: mteja ameona maneno "Unarekodiwa", akaingia, basi amekubali, na picha zake sasa ni mali ya mwenye mkahawa. Hakuna ukweli hata chembe hapo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, ya mwaka 2019, inataka ridhaa iwe ya hiari, ya wazi na ya jambo mahususi, na mtu aweze kuiondoa wakati wowote. Mwenye biashara ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ilitolewa. Mtu aliyesukuma mlango kwa sababu ana njaa hajaridhia chochote zaidi ya kula. Kibandiko hutimiza wajibu mwingine kabisa, wa kumfahamisha mgeni, na hata huo hakiutimizi kama hakisemi ni nani anayerekodi, kwa sababu gani, na mgeni amwone nani akiwa na swali.

Kinachokuruhusu kurekodi kaunta ya mapokezi au uwanja wa kuegesha magari ni maslahi halali ya kulinda watu na mali. Ruhusa hiyo inakoma pale haja ya usalama inapokoma. Picha uliyoichukua kwa ajili ya wezi huwezi kuigeuza tangazo la burudani ya Ijumaa, wala kuirusha kwenye kundi la WhatsApp eti mtu maarufu ameonekana na fulani. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Iwe imepigwa na kamera ya darini au na simu ya mpiga picha wa klabu, sura ni ya mteja.

Tena yako maeneo ambayo hata bango la ukubwa wa ukuta halikuokoi: chooni, chumba cha kubadilishia nguo, chumba cha kukandwa mwili, chumba cha kulala cha mgeni. Wenzetu wa Diani na Nyali wanaopokea wageni kupitia Airbnb wajue kwamba tangu Aprili 30, 2024 kampuni hiyo imepiga marufuku kamera zote ndani ya nyumba, zikiwemo zilizotangazwa. Za nje lazima zitajwe kabla mgeni hajaweka nafasi. Huniudhi sana kuambiwa kamera ya sebuleni ni "ya kuangalia runinga isiibiwe tu". Sebule uliyoikodisha ni ya mgeni kwa siku alizolipia. Humo hukaa na kanga moja, hugombana na mumewe, hunyonyesha mtoto. Unaiogopea runinga? Chukua amana.

Sasa ya kufanya. Elekeza kamera kwenye milango, kaunta na mahali pa kulipia, si kwenye meza za watu wanaokula. Zima sauti, kamera nyingi za siku hizi zina maikrofoni, na kusikiliza maongezi ya wateja hakuzuii wizi. Badilisha nywila iliyokuja na mashine kutoka dukani. Wanaoruhusiwa kuona picha wawe wachache, kila mmoja na akaunti yake. Sheria haitaji idadi ya siku za kuhifadhi. Inasema usizidishe muda unaohitajika, kwa hiyo amua muda, uandike, na mashine ifute yenyewe. Polisi wakitaka nakala, dai ombi la maandishi lenye nambari ya OB, kisha weka kumbukumbu ya ulichotoa. Jisajili kwa Kamishna: biashara zenye mauzo ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 zimesamehewa, lakini msamaha huo hauzigusi hoteli na mikahawa, hata ukiwa na meza sita.

Nawe mteja, una haki ya kuandika na kuomba kuona picha zako. Biashara ina siku 7 za kukujibu. Ikinyamaza, mpelekee Kamishna lalamiko. Sheria inataka lichunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90.