Seli za Utumbo Zinapoachana

Uvimbe wa saratani uliotulia mahali pake ndani ya utumbo mpana, daktari mpasuaji huweza kuukata ukaisha. Mara nyingi kinachoua ni seli zilizokwisha kuchomoka na kwenda kuota kwenye ini. Ndiyo maana watafiti wanazifuatilia sana protini zinazozishikanisha seli.

Ukuta wa utumbo wenye afya umeshonana kama mbao za mtepe, na kamba yake kuu ni protini iitwayo E-kadherini. Mjapani Masatoshi Takeichi ndiye aliyeonyesha kwamba kadherini hazishiki pasipo kalsiamu. Mtaalamu wa patholojia huchukua kipande cha uvimbe, akakitia kingamwili zinazoitafuta protini hiyo, kisha akatazama kwa hadubini. Ikiwa imepungua, hasa ukingoni pale uvimbe unapopenya, kwa wastani mgonjwa ana hatari kubwa zaidi. Nasema kwa wastani, kwa sababu seli hizi zina ujanja wa kutisha: zikishafika kwenye ini, baadhi huirudisha E-kadherini ileile zilizoitupa ili zisafiri. Kwa hiyo kipimo hiki bado si cha kila mgonjwa.

Kinachotumika kila siku ni CEA, iliyogunduliwa Montreal mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman. Nayo ni protini ya kushikanisha seli, ila uvimbe huimwaga kwenye damu. Ikiwa juu kabla ya upasuaji, ni ishara mbaya. Baada ya upasuaji hutarajiwa kushuka ndani ya wiki chache. Ikianza kupanda tena, daktari huanza kuusaka ugonjwa uliorudi.

Ndugu zetu mlioko Dubai, msikubali CEA iwe mbadala wa uchunguzi wa mapema. Uvimbe mchanga mara nyingi hauipandishi, na sigara peke yake yaweza kuipandisha. Uchunguzi wenyewe ni kipimo cha choo, kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, au kolonoskopi, na mwongozo wa Falme za Kiarabu unataka uanze ukiwa na miaka 40. Sheria ya Dubai namba 11 ya mwaka 2013 inamtaka mwajiri amkatie mfanyakazi wake bima ya afya, na mpango wa Basmah umeiingiza saratani ya utumbo mpana hata kwenye bima ya msingi. Ukiona damu chooni, usingoje umri huo: chukua kadi yako ya bima, nenda kamwone daktari.