Tabibu wa Unguja na Kwezi wa Kajiado

Mtoto wa Kitengela akishuka nyika kavu za Kajiado huweza kumwona kwezi mwenye kichwa cha rangi ya jivu na tumbo jeupe. Jina lake la kitaalamu lamkumbuka Dokta Gustav Fischer, Mjerumani aliyezaliwa 1848. Miaka ya 1870 alitabibu wagonjwa Unguja; 1883 alikata nchi ya Wamaasai hadi Naivasha, akikusanya ndege. Alifariki 1886, umri wake miaka 38 tu.

Hudhud alimletea Nabii Sulaiman, alayhi s-salaam, habari asizozijua. Basi enyi kina mama, mtoto akiuliza, “Ndege gani yule?”, tusimnyamazishe. Tutazame naye, elimu huanzia hapo.

Wabillahi tawfiq.