Sayansi ya Kuanguka Bila Kuumia

Alasiri, maji yanapojaa, vijana wachupaji waitwao Makachu hukusanyika Forodhani, mjini Unguja. Mmoja hurudi nyuma, hukimbia, hukanyaga ukingo wa ukuta na kuchupa. Hujipindua hewani, kisha huzama huku watu wakimpigia makofi. Watazamaji husifu ujasiri wake. Ujasiri upo, lakini kinachomrudisha kijana mtaani kwao Jang'ombe akiwa mzima ni kanuni zilezile zinazowalinda waigizaji wa matukio ya hatari katika filamu.

Tuseme ukuta uko mita 4 juu ya maji. Anguko huchukua chini ya sekunde 1, na kijana hufika majini kwa mwendo wa kilomita 32 hivi kwa saa. Mwendo peke yake haumdhuru mtu; kinachomvunja ni kusimama ghafla. Akitua kwenye saruji na mwili ukasimama ndani ya sentimita 5, hupokea nguvu inayozidi uzito wake mara 80. Akisimama ndani ya mita 1, nguvu hiyo hushuka hadi mara 5 hivi.

Ndiyo maana waigizaji wanaoanguka kutoka ghorofani hutandikiwa maboksi matupu au mfuko mkubwa wa hewa. Maboksi hubonyea moja baada ya jingine, kila moja likipunguza mwendo. Mfuko nao una matundu ya kutolea hewa. Bila matundu hayo ungemrusha mtu juu tena. Mwigizaji hutua kwa mgongo ili nguvu isambae mwilini na shingo isipinde.

Kujipindua nako kuna hesabu yake. Mzunguko hupatikana miguu ikiwa bado ukutani. Akishakuwa hewani, kijana hawezi kujiongezea nguvu ya kuzunguka, ila akijikunja huzunguka kasi zaidi, na akijinyoosha hupunguza kasi. Anayechelewa kujinyoosha hupigwa na maji kifuani au mgongoni.

Kisha kuna bahari yenyewe. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja hukaribia mita 4. Kwa hiyo ukuta uliokuwa salama maji yalipojaa unaweza kuwa mtego yanapokupwa: anguko limerefuka na kina kimepungua. Anayetanguliza kichwa kwenye maji mafupi anaweza kuvunjika shingo na kupooza maisha yake yote.

Kazi ya kuigiza matukio ya hatari katika filamu si ndoto ya mbali. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alianzisha kampuni ya Ramon Film Productions mwaka 2005, na filamu yao ya mapigano, Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, ilijulikana duniani ingawa ilitengenezwa kwa fedha kidogo sana. Mwaka 2025 waandaaji wa Oscar walitangaza tuzo maalumu ya ubunifu wa matukio ya hatari, kwa filamu zitakazotoka kuanzia mwaka 2027.

Kipaji tunacho, tena kinaonekana bure pale Forodhani. Kinachohitajika ni walimu, magodoro ya mazoezi, bima na watayarishaji wa filamu wanaokubali kulipia usalama kabla ya kuwasha kamera. Nawe kijana, kabla hujachupa, pima kina, angalia maji yanajaa au yanakupwa, na usichupe peke yako.