Misuli, Bugali na Sombe: Kipimo cha Protini Kusini mwa Maniema

Misuli ya mwanadamu haijengwi mara moja ikabaki vile ilivyo. Kila siku sehemu yake huvunjika na kujengwa upya, na kinachotumika kuijenga ni protini, yaani ile sehemu ya chakula ambayo tumbo huimeng'enya na kupata asidi amino, chembe ndogo ambazo mwili huzipanga upya kuwa minofu, ngozi na damu. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani na washirika wake ya mwaka 2007 iliweka gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito kuwa kiasi kinachomtosha mtu mzima kwa siku, na uchambuzi wa tafiti 49 uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayefanya mazoezi ya kunyanyua vitu vizito, akishapita gramu 1.6 hivi kwa kila kilo, kwa kawaida haongezi misuli tena. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni gramu 50 za kuishi na gramu 96 za kujenga mwili.

Katika Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, mzigo wenyewe haukosekani, kwa kuwa mwenye kusukuma baiskeli iliyosheheni magunia ya mpunga, au mchimbaji wa dhahabu wa Salamabila na Namoya, hunyanyua mengi zaidi kwa siku moja kuliko wanavyonyanyua wengi wa ukumbi wa mazoezi. Penye shaka ni sahani. Unga wa muhogo wa gramu 300, unaotoa bugali wa kumshibisha mtu mzima, una protini ya gramu 4 tu au zaidi kidogo, ilhali mchele, zao lililoenezwa huku na wafanyabiashara wa pwani wa zama za Tippu Tip wa Zanzibar, pamoja na wafuasi wao Waungwana, una gramu 7 katika kila gramu 100. Yule mtu wa kilo 60 akila bugali huo, mchele mkavu gramu 200, sombe (majani ya muhogo) kiasi cha kumpa gramu 10, maharagi makavu gramu 100 yenye gramu 22, karanga gramu 50 zenye 12, na ndakala (dagaa) wakavu gramu 30 wenye karibu 18, atakuwa amefika gramu 80. Mayai mawili humwongezea 12. Maharagi na mchele hufaa pamoja, kwa sababu maharagi yana kwa wingi lisini, asidi amino inayopungua kwenye nafaka, na nafaka nayo huziba upungufu wa maharagi.

Muhogo una deni jingine ambalo walaji wachache hulifahamu. Muhogo mchungu hutoa sianidi, sumu ambayo ini huipunguza makali kwa kutumia salfa, na salfa hiyo hutolewa kwenye asidi amino mbili, methionini na sisteini, ambazo ndizo haba katika muhogo na katika sombe. Kwa hiyo anayekula muhogo usiolowekwa vizuri hupoteza katika kujikinga na sumu sehemu ya kile ambacho kingejenga mwili wake. Mahali ambapo sumu ni nyingi na protini ni haba huzuka konzo, ugonjwa wa kupooza miguu kwa ghafla, ulioelezwa na daktari Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango, magharibi mwa Kongo. Kuloweka mizizi kwa siku kadhaa, na kutwanga sombe kisha kuichemsha kwa muda mrefu, si mazoea ya jikoni tu; ni kinga, na kipande cha samaki au yai kando yake hurudisha salfa iliyotumika.

Protini haiwekwi akiba: inayozidi mahitaji huunguzwa na mabaki yake hutoka kwa mkojo, hivyo kuigawa katika milo mitatu kunafaa zaidi kuliko kuilimbikiza usiku. Tena mwenye njaa huunguza hata ile aliyokula ili apate nguvu, na hapo mafuta ya mawese yana kazi kubwa kuliko yanavyosifiwa. Mizani nayo haisemi kila kitu kuhusu lishe ya mtu. Mradi wa afya wa Kasongo, ulioendeshwa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, ulionyesha mwaka 1983 kwamba uzito wa mtoto peke yake haukutabiri vyema nani angefariki.

Unga wa protini wa kopo, basi, si sharti. Gramu 100 za karanga zina protini ya takribani gramu 25, kiasi kile kile kinachopatikana katika kipimo kimoja cha unga huo, kwa kile kijiko cha kupimia kinachokuja ndani ya kopo.