Samaki mbili, sahani mbili: karamu ya bibi na bwana ku nyumba

Ndugu wafanyakazi na ba mama wa Likasi, wengi wanafikiri chakula kizuri cha watu wawili ni mambo ya hoteli ya Lubumbashi. Hapana. Sisi tuko mbali na bahari, lakini samaki ya bahari iko ku soko letu: tomson ya barafu. Mingi inatoka Namibia, inapita Zambia na Kasumbalesa mpaka kwetu. Ni samaki ya mfanyakazi, lakini ukiipika vizuri inakuwa samaki ya karamu.

Ku soko, chagua mbili za kadiri, ngumu kama jiwe. Yenye kulegea, macho imeingia ndani na harufu inapanda, iache. Ikiisha kuyeyuka, ipike siku ileile.

Ba mama wanauliza: na samaki ya Tshangalele? Ziwa hilo lilizaliwa wakati walifunga mto Lufira juu ya kiwanda cha umeme cha Mwadingusha, mwaka 1930. Lakini maji yenye kupita ku viwanda vyetu inateremuka kule, na wachunguzi wamekuta shaba na kobalti nyingi mu samaki yake. Moto hauondoi ile kobalti. Ukinunua, tupa matumbo, maini na mashavu, na usiwape watoto kila siku. Wavuvi hawana kosa. Viwanda ndivyo vinapashwa kusafisha maji yao, na hatutachoka kudai vile.

Sasa kazi. Bwana, ukitoka ku mine, vua kwanza nguo za kazi inje, nawa mikono na uso na sabuni. Vumbi ya mine isifike ku chungu.

Safisha samaki, ikate mistari mitatu kila upande. Pakaa chumvi, kitunguu saumu chenye kutwangwa, maji ya ndimu moja na mafuta kijiko kimoja. Ngojea nusu saa. Kata kitunguu kimoja na tomati mbili. Tandika majani ya ndizi yenye kupitishwa ku moto ili yalainike, ao karatasi ya aluminiamu. Weka nusu ya kitunguu na tomati, samaki juu, halafu yenye kubakia, na pilipili moja nzima isipasuke. Funga sana, mvuke usitoke. Fanya hivi kwa kila samaki.

Weka ku mbabula yenye makala mekundu bila ndimi za moto, dakika 25 hivi, geuza mara moja. Nyama ikiachana na mfupa, imeiva. Pembeni, lengalenga kidogo na bukari laini, ya watu wawili tu.

Watoto wakule mbele, walale. Kisha tandika kitambaa, washa buji hata kama umeme iko, fungulia samaki ku meza: ile harufu ndiyo karamu yenyewe.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema masaa 45 ku juma, kisha hapo ni masaa ya kuongeza, yanalipwa. Tunapigania ile hesabu juu ya franka, ndiyo, lakini pia juu ya jioni kama hii. Mama anapika kila siku. Mara hii, bwana, shika mwiko wewe.